Mbuzi Waliobaki kwa Mzani

Walimwita Mzani kwa sababu alikuwa akimwinua mbuzi kwa mikono miwili, anafumba jicho moja, anataja kilo, na mizani ya buchani ikaja kusema yale yale. Kwa kipaji hicho alijenga nyumba, akasomesha watoto, na akamcheka dada yake miaka ishirini.

Marehemu baba yao aliwagawia mbuzi sawa kwa sawa. Kila mwaka Mzani aliwauza wakubwa, maana bucha hulipa kwa kilo. Waliobaki zizini, wafupi wa miguu, mgongo mkavu kama ubao, ndio waliozaa. Dada yake alikwenda kinyume: wadogo aliwauza kwa bei ya kutupa, na beberu mnene kuliko wote akamweka, ale tu na kupanda.

"Dada, huyo beberu umeolewa naye? Mbona humuuzi?"

"Cheka tu, mdogo wangu. Meno unayo."

Mwaka huu mwenye bucha alimwinua beberu wa Mzani kwa mkono mmoja, kama kikapu cha mboga.

"Mzee, hawa bado wananyonya?"

Walikuwa na miaka miwili.

"Mwakani ukiniletea hawa hawa, usijisumbue kuja."

Mzani alisingizia minyoo. Akanunua dawa, minyoo ikaisha, mbuzi wakabaki vilevile. Hapo hakuwa na wa kumsingizia tena. Akaenda kwa dada yake.

"Niuzie yule beberu. Taja bei."

"Umpeleke bucha?"

"Wa mbegu, haki ya Mungu!"

"Na akitokea mtu na bei nono?"

Mzani aliacha kuapa. Alijijua.

"Basi lete majike wako wakae hapa hapa," dada akasema. "Wakizaa dume, lako. Wakizaa jike, langu."

Ulikuwa unyang'anyi wa mchana kweupe: jike ndiye anayejaza zizi. Mzani aliutambua upesi, maana naye angetaka hivyo hivyo. Alitafuta pa kumbania, hakupaona.

Kesho yake aliwaswaga majike wote ishirini na mmoja. Dada alisimama mlangoni mwa zizi, akawapapasa migongo mmoja mmoja. Aliingiza saba, akafunga komeo.

"Na hawa wengine?"

"Hao ni kitoweo. Rudi nao."