Faili Lililofunguliwa na Mama

Siku moja kabla ya kumsafirisha mama kwenda kuzikwa kwetu magharibi, programu ya mazishi, kile kijitabu wanachogawiwa waombolezaji, iligoma kutoka.

Mpiga chapa hakuwa na neno, alikuwa ameshika karatasi anangoja. Iligoma kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani kwa wazazi, mtaa wa Buruburu. Familia yetu ina folda moja mtandaoni: kikiwekwa kitu pale nyumbani, mimi nakiona kwangu mtaa wa Umoja, na mpiga chapa huko mjini anakichukua. Mimi ndiye niliyeileta hiyo akili, kwa hivyo ikileta shida, natukanwa mimi.

"Si wewe ndiye fundi wa kompyuta wa hii familia?" dada yangu mkubwa alinifokea kwa simu. Alikuwa ametangulia ushago, kule kijijini, kupokea wageni. "Mbona mpiga chapa anasema wajomba hawamo?"

Hapo ndipo palipokuwa na moto. Katika nakala ya kwanza tulikuwa tumewasahau ndugu zake mama. Kwetu hilo si kosa la kuombea radhi ukaendelea na chai. Wajomba wakikuta wameachwa nje ya maisha ya dada yao, watasimama mbele ya waombolezaji wote waulize kama aliokotwa barabarani, na jeneza lisubiri mpaka wajibiwe. Dada alikuwa ameyaandika majina yao kwenye kompyuta ya nyumbani, akamwachia baba asome, aridhike, kisha afunge. Yeye akakimbilia basi. Lakini kwangu na kwa mpiga chapa bado ilikuwa nakala ile ile ya zamani, bila mjomba hata wa dawa.

Nikampigia baba. "Ile kazi ya dada umeifunga, baba?"

"Nimeifunga."

Nikazima mtandao, nikauwasha. Nikaiondoa folda kwenye kompyuta yangu, nikaipakua upya. Wapi! Mwishowe nikaiamuru kompyuta inionyeshe hata mafaili yaliyofichwa, yale yanayojiunda yenyewe na ambayo mtu hana haja ya kuyaona. Likatokea moja, rangi imepauka, limekaa ubavuni mwa programu. Faili la aina hiyo huzaliwa hati inapofunguliwa na hupotea inapofungwa. Kazi yake ni kuwaonya wengine kwamba kuna mtu ameishika. Nikaibonyeza programu yenyewe, na onyo likaja: hati hii inatumiwa na Mama.

Ala! Mwili ulinisisimka wote. Najua, najua. Kompyuta ilikuwa yake. Alikuwa karani maisha yake yote, na alipostaafu alichapia kanisa barua humo. Ni mimi niliyeandika "Mama" siku mashine ilipouliza jina la mwenyewe. Hayo yote niliyajua, na bado nilikaa nikiyatazama yale maneno, nikatamani yawe kweli.

Nikachukua bodaboda.

Nyumbani, kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa mpaka mlangoni wakimenya viazi. Baba alikuwa sebuleni, kwenye kiti kilichosukumwa karibu na meza ya kompyuta. Na kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama, kama alivyofunika viti, redio na televisheni. Nikaelewa papo hapo. Kwa mzee wangu, kufunga ni kufunika. Mama alimfundisha hivyo na hakuna aliyemwambia vingine.

"Tangu asubuhi hatoki hapo," shangazi aliniambia. "Anakinyoosha tu hicho kitambaa. Anakiinua, anakishusha."

Nikakiinua. Nilipogusa kibodi, skrini iliamka kwenye ukurasa wa kwanza: mama, mwiko mkononi, anacheka mpaka macho yamefumba. Dada aliitoa picha hiyo kwenye simu yake. Baba hakuwa amewahi kuiona kabla ya siku hiyo.

"Baba, lazima hii ifungwe. Wajomba wamekwama humu ndani."

"Ngoja."

"Baba, mpiga chapa anataka—"

"Si nimesema ngoja?" Kisha sauti ikamshuka. "Ukifunga, mimi nitampata wapi?"

Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote kutoka Umoja, na ziliisha pale. Nikachuchumaa kando ya kiti chake. Nikamwambia nitafunga mara moja tu, na nitafungua tena mbele yake. Akakubali kwa kichwa, akaishika meza kwa mikono yote miwili. Nikahifadhi, nikafunga. Faili lile lililopauka likapotea, na dakika si dakika dada akapiga simu: wajomba wamefika kwa mpiga chapa, wote, hata yule mkorofi. Nikafungua tena. Mama akarudi na mwiko wake. Baba akapumua kwa nguvu, akamfunika.

Tulizika vizuri. Wajomba walisoma majina yao, wakanyamaza.

Baadaye nilimfundisha baba kuifungua programu na kuifunga mwenyewe, si kufunika tu. Nikamuuliza kama nibadilishe jina kwenye ile kompyuta, niandike lake. "La nini?" akasema. "Kwani ni yangu?"

Sikuyaficha tena yale mafaili. Kuna mchana niko kazini, natafuta kitu changu kwenye folda ya familia, na lile lililopauka linatokea ubavuni mwa programu. Siku hizo simpigii baba simu. Nangoja kwanza lipotee.