Munyororo aliouomba mama mukwe

Wakati wa Zaire nilikuwa shofere hapa Kalemie, na kichwa changu kilikuwa kigumu. Mama mukwe wangu aliugua mugongo kule Moba, ikabidi mimi na bibi yangu, binti yake, tumulete hospitali. Kukaa hakuweza, alitaka kulala. Na hata angeweza, kwetu mwanaume na mama ya bibi yake hawakai kiti kimoja, hawaangaliani usoni. Basi nikaazima karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili yenye kitanda ndani, niivute na gari yangu ya jipu.

Karavani ile ilitaka bule kubwa, ile chuma ya mviringo kama chungwa, ya kuikamatia nyuma ya gari. Mimi nilipata ndogo, ya voiture, gari ndogo ya mujini. Karavani iliingia juu yake, ikawa inacheza kidogo. Nikasema itafika tu.

Kule Moba, kabla ya kupanda, mama mukwe alijificha nyuma ya mulango, akamwambia bibi yangu kwa sauti ili mimi nisikie:

— Muulize bwana yako, hiki chuma kikichomoka, ni nini itanishika?

Nilikasirika kweli. Mutu ambaye hata mulango wa gari hajui kufungua, anifundishe kazi? Lakini mama mukwe hakataliwi. Nikaenda ziwani kuomba munyororo wa mutumbwi, nikafunga karavani na jipu kwa hasira. Njia yote nilimununia bibi.

Kwenye mushuko mumoja tuliruka shimo. Bule ikachomoka. Karavani ikageukia korongo, munyororo ukakaza, ikasimama pale ukingoni.

Nilikimbia nikafungua mulango. Mama mukwe alikuwa sakafuni, muzima, amejifunika kitenge usoni ili nisimuone. Hata pale alinipa heshima. Niliona haya, nikarudi nyuma bibi amuinue.

Tulipofika Kalemie, ndugu za bibi walikuja hospitali kumuona. Akawaambia, kitenge kingali usoni:

— Nimepona kwa sababu ya mukwe wangu. Ni yeye alifikiria munyororo.

Nilifungua kinywa niseme ukweli. Bibi akanikanyaga mguu: mama mukwe habishiwi mbele ya watu. Nikapokea shukrani zao.

Jioni walinichinjia kuku, wakaniwekea firigisi, nyama ya kumuheshimu mutu, peke yake kwenye sahani. Bibi ndiye aliileta. Alisimama tu pale akingoja nile, na mimi nikatafuna, nikatafuna, haikutaka kushuka.