Miaka Minane ya Dada Leonida

Nilikuwa Mang'ola, nimesimama juu ya lori napokea magunia ya vitunguu kutoka kwa wapagazi, simu yangu ilipoita. Ilikuwa Alhamisi ya Septemba 2025, saa tatu asubuhi. Niliona jina la Mwalimu Lesiamon, mkuu wa shule kule Wasso alikokuwa anafundisha dada yangu Leonida. Hakuwa na kawaida ya kunipigia.

"Wilibrodi, uko wapi?"

"Shambani, mwalimu. Tunapakia."

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama kwenye lori."

"Shuka kwanza, ndugu yangu."

Nilishuka. Nilipokanyaga chini akaniambia kwamba dada alianguka jana yake alasiri, presha ilikuwa imepanda sana, walimkimbiza hospitali, na alfajiri Mungu alimchukua. Nilimuuliza swali moja tu, kwamba alianguka akitokea wapi.

"Darasani. Alikuwa amebeba madaftari ya kidato cha kwanza."

Nikasema asante. Dereva wa lori, aliyenisikia, alidhani nimepata habari njema. Lakini ninyi mnaosoma hapa nataka mjue kwa nini nilishukuru. Kwa mwaka mmoja na nusu dada yangu aliomba kitu kimoja tu katika sala zake, asimame tena mbele ya darasa. Na aliyekuwa amemtoa darasani ni mimi.

Sisi ni Wairaqw wa Daa, wilayani Karatu. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Anarithi nyumba, na anawatunza wazazi mpaka siku ya mwisho. Jambo hilo halihitaji kujadiliwa. Kaka yetu mkubwa, Silvanus, alihamia Arusha mapema bila mtu kumlaumu, kwa sababu mimi nilikuwepo. Leonida alisoma chuo cha ualimu, akaajiriwa kufundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule moja ya binafsi kule Mbulu. Baba alipofariki, nyumba ikawa yangu na mama.

Mwaka 2015 mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa na maneno yakapotea kabisa. Wakati huo nilikuwa nimekodi shamba la vitunguu Mang'ola, na miche ilikuwa ndiyo kwanza imeshika. Dada akaja kwa likizo ya wiki mbili. Nikamwambia, "Nivumilie mpaka nivune." Nilivuna, nikapanda tena. Likizo yake ikaisha, akaomba nyingine bila malipo, nayo ikaisha, akaandika barua ya kuacha kazi. Hakuwahi kuniambia siku aliyoiandika. Alikaa na mama miaka minane. Mimi nilipeleka mahindi na sabuni, nikakaa siku mbili, nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Mama alifariki Agosti 2023. Arobaini ilipopita dada akatoa vyeti vyake kwenye sanduku. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na serikalini mwisho wa kuajiriwa mara ya kwanza ni arobaini na mitano. Alituma maombi kwa mtandao kutoka stesheneri ya Karatu mara tatu, na mara tatu jina lake halikutoka. Walikuwa wanatoka vijana waliomaliza chuo juzi. Wakati huo mtaala nao ulikuwa umebadilika. Aliazima muhtasari mpya wa Kiswahili kwa jirani, akaunakili wote kwa mkono, kwa sababu alisema mkono ukiandika kichwa kinashika. Asubuhi alichukua chaki akaandika somo kwenye tangi jeusi la maji nyuma ya nyumba, akalifundisha kwa sauti. Wanawake wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana waliopita njiani walisalimia wakatembea haraka. Mmoja alimuuliza mke wangu, siku tulipokuja naye kutoka Mang'ola, kama wifi yake yuko salama kichwani.

Oktoba 2024 shule moja ya binafsi Karatu ilimwita kwenye usaili. Alirudi mapema mno. Nilikuwa nyumbani siku hiyo.

"Imekuwaje, dada?"

"Hawakunichukua."

"Kwa sababu gani?"

"Wili, nimechoka. Kafunge ng'ombe."

Ilinibidi nipate habari kwa mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata nilikutana sokoni Karatu na Mwalimu Selina, aliyesoma chuo kimoja na dada. Anafundisha shule ile ile, na alikuwa kwenye meza ya usaili. Akanivuta pembeni.

"Dada yako ana nini? Kwenye somo la majaribio alifundisha kuliko wote. Halafu akaulizwa, miaka minane ulikuwa wapi? Akasema, nyumbani. Ukifanya nini? Akasema, nilikuwa nyumbani tu. Meneja akamwambia, mwalimu, hata kuku wa nyumbani wanataga. Watu wakacheka. Yeye akakusanya vyeti vyake akatoka."

"Kwa nini hakusema alikuwa anamuuguza mama?"

"Wili, usinichekeshe. Pale mezani wote ni watu wa huku. Angesema mama alikuwa mgonjwa, swali linalofuata unalijua."

Nililijua. Wangeuliza mdogo wenu wa kiume alikuwa wapi.

"Hata mimi nilitaka kulisema," akaendelea. "Alinitazama, nikanyamaza. Amekuficha wewe. Amekubali aonekane mvivu ili wewe usionekane."

Nilirudi Daa kwa miguu ingawa bodaboda zilikuwepo. Wiki tatu sikupokea Komunyo. Nami sikumwambia dada kwamba najua, kwa sababu kama ningeanza, ningelazimika kumaliza.

Desemba likaja tangazo la shule mpya ya Wasso. Walitaka mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha kwanza, kwa sababu watoto wengi wanaotoka maboma ya mbali wanafika wanaongea Kimaasai tu na Kiswahili cha kubahatisha. Waliomba vyeti, pamoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha mwombaji amekuwa wapi na akifanya nini tangu kazi ya mwisho, ikiwa imefungwa na kugongwa muhuri. Usaili ulikuwa Januari. Mwezi Machi dada angetimiza arobaini na mitano, na serikalini pangefungwa. Hakusema, lakini sote tulijua kwamba hii ikishindikana hakuna nyingine. Alinituma mimi kufuata barua.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Vedasto. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe mbele ya nyumba yake, na wazee wawili wamekaa wanamtazama.

"Niandike alikuwa anafanya nini?" aliniuliza.

"Andika alikuwa nyumbani, mzee."

"Nyumbani hata mbwa wangu yupo. Alikuwa anafanya nini?"

Wazee wakacheka kidogo.

"Andika alimuuguza mama yetu miaka minane."

"Hiyo kazi ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Sijasikia."

"Ilikuwa yangu. Mimi ndiye wa mwisho. Nilikuwa Mang'ola."

Mzee Vedasto akaweka mpini chini. "Kijana, kijiji kizima kinajua. Tulikuwa tunasubiri useme." Akaingia ndani, akatoka na karatasi na muhuri. Aliandika polepole, akanisomea, akanitaka niweke sahihi yangu chini kama shahidi. Kisha akaongeza mstari mmoja bila kuniuliza. "Na kumfundisha mama kusema, je? Hilo hukutaka liandikwe? Au hata hilo hukuliona?"

Nilikuwa nimeliona na sikuwahi kulifikiri. Kila asubuhi, baada ya kumwogesha mama, dada alikaa mbele yake na kumtajia kitu kimoja kwa Kiiraqw. Maji, moto, mlango. Mama alifuata kwa mdomo uliopinda, siku nyingine bila sauti.

Bahasha ilikuwa imefungwa. Sikumwambia dada kilichomo.

Tulipanda basi la Wasso Jumapili alfajiri baada ya kusali rozari kituoni. Nilisema namsindikiza kwa sababu ya mizigo, naye alikuwa na begi moja. Juu ya kreta ya volkano, ndani ya hifadhi ya wanyama, ukungu ulikuwa mzito, na tulipoteremka upande wa pili basi likazama kwenye tope. Tulikaa saa nne tukisukuma, wanaume na wanawake. Dada alivua viatu vyake vya usaili akavifunga kwenye kanga asije kuviharibu. Tulifika Wasso jioni, tukalala kwa katekista.

Asubuhi aliitwa wa tatu. Nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi, na lilikuwa wazi. Nilisikia bahasha ikichanwa. Nikasikia Mwalimu Lesiamon anasoma barua kwa sauti, neno kwa neno, mpaka jina langu.

"Huyu Wilibrodi ni nani?"

"Ni mdogo wangu. Hakupaswa kuandika hivyo."

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Kwenye barua ya maombi umeandika ulikuwa nyumbani na shughuli za familia. Mbona hukuyasema haya?"

"Nilikuwa nayasitiri, mwalimu."

Nikashika rozari mfukoni. Sasa nilijua kwamba kama wakimkataa, nitakuwa nimemwaibisha bure.

"Hapa wanasema ulimfundisha mama yako kuongea," Mwalimu Lesiamon akasema. "Alifika wapi?"

"Mwaka wa kwanza, majina ya vitu. Mwaka wa tatu aliniita jina langu. Mwisho alisali Baba Yetu yote, ila kwa kupumzika katikati."

"Ulitumia njia gani?"

"Nilimwacha anicheke. Nilikuwa nasema vibaya makusudi, naye hakuweza kuvumilia bila kunisahihisha. Mama alikuwa mkali."

Mtu mmoja akacheka, si kwa kejeli. Kisha wakampeleka darasani kwa somo la majaribio, nami nikasogea mpaka kwenye kona ya jengo. Watoto arobaini na kitu walikaa wima kama askari, hakuna aliyefungua mdomo. Waombaji wawili wa kwanza walikuwa wameuliza maswali wakajijibu wenyewe. Dada aliweka chaki mezani, akamwendea mvulana wa mbele na kumsalimu kwa Kimaasai, salamu ile wanayosalimiwa wanawake. Darasa likalipuka kwa kicheko.

"Nimekosea?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu!"

"Basi nielezeni kwa Kiswahili nimekosea wapi. Nanyi mkikosea, nitacheka kama mlivyonicheka. Tumekubaliana?"

Msichana mmoja, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Nanyori, akasimama akaanza kueleza. Alikwama, mwingine akampokea, wa tatu akabisha. Dakika arobaini zikaisha wakiwa bado wanabishana.

Tulipofika barabarani dada alinigeukia.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Mzee Vedasto aliuliza, nikashindwa kudanganya."

"Miaka yote nimekusitiri, wewe unakwenda kujianika mbele ya wazee."

"Nilijianika nikiwa nimechelewa, dada. Nisamehe."

Alitembea hatua kadhaa. "Shika begi," akasema. "Si ulisema umekuja kubeba mizigo."

Siku ya tano walimpigia. Alianza kazi mwisho wa Januari. Nilihama Mang'ola nikarudi kwenye nyumba ya wazazi, shamba nikaliachia mshirika, na nilikwenda wakati wa kupakia tu. Dada alikuwa akinipigia Jumapili baada ya Misa na kunieleza juu ya wanafunzi wake mpaka salio liishe. Presha aliijua tangu wakati wa kumuuguza mama. Vidonge alikuwa anameza siku anazokumbuka. Sikumhimiza, nami hilo namwachia Mungu.

Mwili uliondoka Wasso Ijumaa asubuhi kwa gari la shule. Tulikuwa tumepanga waufikishe saa nane mchana, na saa kumi walikuwa bado. Simu hazikushika kule juu. Silvanus alikuwa amefika kutoka Arusha, akiwa ameandika wasifu wa marehemu. Aliniletea niusome. Ulisema kwamba alifundisha Mbulu, kisha akapumzika, kisha akafundisha Wasso.

"Hakupumzika," nikamwambia.

"Wili, si mahali pake hapa. Watu watasema."

"Waseme. Nitausoma mimi."

Saa kumi na mbili kasoro gari likaingia, limejaa vumbi jekundu. Mwalimu Lesiamon alishuka, na nyuma yake wanafunzi sita. Nanyori alikuwa mmoja wao.

Tulimzika Jumamosi, tarehe 13 Septemba. Misa ilianza saa nne nyumbani, kwa sababu kanisa lisingetosha. Baada ya Komunyo nilisoma wasifu. Nilisoma kwamba tangu 2015 hadi 2023 alimuuguza mama yetu na kumfundisha kusema, kazi iliyokuwa yangu, na kwamba alikufa akiwa mwalimu wa Kiswahili. Mzee Vedasto alivua kofia. Jeneza tulilibeba mimi, Silvanus, Mwalimu Lesiamon na vijana watatu wa jumuiya. Kaburi lilichimbwa kulia kwa mama, hatua chache kutoka kwenye tangi la maji. Padri alibariki kaburi, tukashusha. Mimi nilitupa udongo, wakafuata ndugu, wakafuata wanafunzi mmoja mmoja. Wanaume walijaza kaburi kwa zamu mpaka saa saba. Tulisali Baba Yetu, tukaweka msalaba na mashada. Watu walikula, na wageni wa Wasso wakaondoka saa tisa ili wawahi geti la hifadhi kabla halijafungwa.