Mayai Niliyodai Nimekula

Nilipopasuliwa tumbo kwa vidonda, nesi aliniagiza nile yai kila siku ili nipate nguvu. Lakini tangu operesheni, harufu ya yai tu ilinitapisha. Mkwe wangu Zena akiniachia yai nijichemshie, mimi nalichomeka kwenye kiota cha kuku nyuma ya jiko. Nikasahau kwamba kuku naye ana kazi yake.

Juzi nesi kaja hapa Kibuta. Nikajipiga kifua mbele ya wanawake wa kijiji: "Mwanangu, nimekula yote."

Hapo hapo kuku akatupitia miguuni na vifaranga tisa.

Zena akasema, "Mama, uliyokula ndiyo haya yanatembea?"

Nesi akashika kiuno. "Bibi, si ungesema? Hata kunde zingekufaa."

Na kunde nazipenda, jamani.