Kanga za Mama na Inchi Iliyopotea

Leo asubuhi nilikwenda mtaa wa Ng'ambo, nikamhukumu fundi wangu wa kushona moyoni kabla hajajieleza.

Fundi huyo, Bi Rukia, nilikuwa nimempelekea kanga sita za marehemu mama, anishonee mfarishi wa viraka. Vipimo niliviandika mwenyewe: viraka tisa, kila kimoja inchi nne kwa nne, vikiungana vitoe mraba wa inchi kumi na mbili.

Leo akanikabidhi mraba wa kwanza. Nikaupima: inchi kumi na moja.

Tena nguo yenyewe ilikuwa merikani, kile kitambaa cha pamba cha bei rahisi, si kanga.

(Nyinyi mngefikiri nini? Mimi nilikwisha kuziona kanga za mama zikining'inia katika duka la watalii.)

"Bi Rukia, inchi moja imekwenda wapi? Na kanga zangu ziko wapi?"

Hakuinua hata uso. "Inchi imeliwa na mshono, mwanangu. Kila kiraka huliwa robo inchi kila upande unaoungwa. Umeandika nne, nami nimekata nne. Ulidhani mshono umefunga saumu?"

Kisha akafungua kabati, akazitoa kanga zote sita, nzima, hazijaguswa na mkasi.

"Karatasi yako niliitilia shaka tangu siku uliyoileta, ndiyo maana nikaijaribu kwanza kwa merikani. Nguo ya marehemu haikatwi kwa hesabu ya mtu asiyeshika sindano."

Nikamwomba radhi, nikaandika upya: inchi nne na nusu.

Bi Rukia akaisoma, akanitazama, kisha akakata tena merikani.