Moshi wa Gobore

Mie sikuwahi kumwamini mtu anayesifia bunduki yake huku ameshika kikombe cha chai. Labda ni kwa sababu niliwasikilizaga watu wa namna hiyo kwa miaka, kila asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kuwamiminia.

Ilikuwa baada ya ile vita kubwa ya pili, Mwingereza bado yuko, na Kimara ilikuwa shamba hasa. Nilikuwa na kibanda cha makuti kando ya barabara ya Morogoro, nauza chai ya tangawizi na vitumbua kwa watu waliokuwa wakishuka mjini kwa baiskeli na kwa malori ya mkaa. Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Alikwenda mjini alfajiri kujenga nyumba za watu, jioni akarudi na saruji imemganda kwenye nyusi. Sote wawili tulitoka kusini, upande wa Lindi, na pale Kimara hatukuwa na ndugu. Tulikuwa na majirani, na shamba la muhogo lililoteremka mpaka bondeni.

Wenye bunduki pale kwetu walikuwa wawili. Siku zile mtu mweusi kupewa kibali cha bunduki halikuwa jambo dogo, kwa hiyo aliyekuwa nacho alijiona jumbe mdogo. Wa kwanza alikuwa askari mstaafu wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, mrefu, mkimya wa uso lakini si wa mdomo. Alirudi kutoka Burma na nishani moja, na baadaye akapata bunduki ya marisau, ile ya risasi za dukani. Wa pili alikuwa fundi baiskeli, na yeye alirithi gobore la babu yake, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Hao wawili walikutana kwenye benchi langu kila siku, na kila siku walibishana.

"Bunduki si chuma, bunduki ni pumzi," askari alikuwa akisema. Anachukua ufagio wangu, anauweka begani, anafumba jicho moja. "Unavuta pumzi nusu. Unaizuia. Kidole hukivuti, kinajivuta chenyewe. Mie Burma nilikuwa natungua mtu juu ya mnazi, upepo unavuma."

"Ufagio huo unaulenga vizuri," fundi baiskeli anamjibu. "Ukishika gobore langu litakung'oa bega. Hili linataka mwanamume anayejua kipimo cha baruti kwa kiganja. Nyie mnanunua risasi zimeshapikwa."

Watu wanacheka. Mie nacheka kidogo, namimina chai, lakini moyoni najiuliza: mbona nguruwe hawapungui? Kila wiki walifukua muhogo wetu, na kila wiki mmoja wa mabwana hawa alikuwa amempiga nguruwe, na nguruwe huyo kila mara alikuwa amekwenda kufia mbali. Mzoga sikuuona hata mmoja. Nilimwambia mume wangu. Akaniambia nina roho ya kushuku, nimezaliwa nayo.

Kweli nilizaliwa nayo. Lakini yeye aliamini watu mpaka inaudhi. Alimwomba askari awe anapita shambani kwetu, na askari akakubali kwa kuweka mkono kifuani. "Shemeji," akaniambia mie, "lala usingizi. Huyo mnyama ameshakufa, hajapata habari tu."

Ikawa kiangazi, majani makavu, anga jeupe tangu alfajiri. Asubuhi moja mume wangu aliteremka bondeni kutazama mitego kabla ya kwenda kazini. Alivaa koti lake jeusi kuukuu. Mie nilikuwa nawasha moto nje ya nyumba niliposikia mlio, mmoja tu, halafu sauti ya mume wangu ikiniita kwa jina langu la nyumbani, lile la utotoni ambalo hakuwa akiliita mbele za watu.

Nilikimbia. Nilipofika chini, askari alikuwa amekwishafika. Alikuwa amepiga magoti, amechana shuka lake na anamfunga mume wangu paja kwa nguvu, juu ya jeraha, anakaza kwa kijiti. Mikono yake haikutetemeka. Bunduki hakuwa nayo.

"Nilikuwa nyumbani napiga mswaki," alisema bila kunitazama. "Nimesikia mlio nikakimbia. Ni lile gobore la yule mpumbavu."

Alimbeba mgongoni kupanda kilima chote kile, hakutua hata mara moja. Barabarani alisimamisha lori la mkaa kwa kusimama katikati ya njia. Tulikwenda naye mpaka hospitali ya mjini. Daktari alitoa marisau pajani, vigololi vidogo vya risasi, mengi, lakini wote wawili walitumia marisau ya dukani na hakuna aliyeweza kuyatofautisha. Mume wangu alipona. Mguu ulibaki na kasoro mpaka alipofariki miaka mingi baadaye, lakini alipona.

Polisi walikuja wakamchukua fundi baiskeli. Alikiri kwamba asubuhi ile alikuwa shambani kwake na gobore, anavizia nguruwe, na shamba lake lilipakana na letu. Akaapa hakufyatua. Lakini gobore lilinuka baruti, kwa sababu alilifyatua siku chache nyuma, na kila mtu alijua ni mwongo wa mambo ya bunduki. Bunduki ya askari walipoikagua waliikuta safi imepakwa mafuta, na yeye alikuwa na nishani. Walimpa mkono wa asante. Fundi alipelekwa mahabusu, gobore lake likabebwa kwenye gari la polisi, mtutu nje.

Baada ya hapo askari akawa mtu wetu wa nyumbani. Alileta samaki kutoka Msasani, alileta kuni, alifagia hata ua wangu. Mume wangu alimsifu kwa kila aliyekuja kumjulia hali. Mie nilipokea samaki nikasema asante, lakini kulikuwa na jambo linanikwaruza, na halikuwa jambo alilolisema. Aliacha kusema. Mtu aliyekuwa akishika ufagio wangu kila siku akitungua watu juu ya minazi, sasa alikunywa chai yake akitazama barabara. Mtu akitaja bunduki, anainuka. Na kila alipokuja nyumbani, kabla hajakaa, aliuliza lile lile:

"Shemeji, mgonjwa anakumbuka chochote?"

Siku ya kwanza nilijibu vizuri. Nilipoulizwa tena na tena nikaanza kumtazama machoni, naye akawa anatazama samaki.

Halafu akaja mke wa fundi baiskeli. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, hatukuwa na mazoea. Alingoja wateja waondoke, akakaa kwenye benchi.

"Dada," akasema, "sikuja kukuomba umsamehe mume wangu. Mume wangu mwongo, mie nalala naye, najua. Lakini mumeo hakupigwa na gobore."

"Umejuaje?"

"Mimi nakaa na gobore lile. Akilifyatua nyuma ya nyumba, mie niliye jikoni natoka nje nakohoa. Muulize mumeo alikohoa?"

Nilimpa chai. Jioni ile nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwuliza mume wangu aliona nini alipopigwa. Alisema aliona majani yakitikisika upande wa juu na mtu akikimbia, hakumtambua.

"Moshi je?"

Akafikiri. "Hapana. Kulikuwa kweupe kabisa."

"Harufu ya baruti?"

"Hata. Kwa nini?"

Nilimwambia alale. Nilijua angekwenda kumwuliza rafiki yake moja kwa moja, na rafiki yake angekuwa na jibu.

Kesho yake askari alikuja kibandani asubuhi jua limeshapanda, wateja wamekwisha. Nilimmiminia chai. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo. Nikaanza kuosha vikombe, nimempa mgongo kidogo, nikasema kama mtu anayepitisha muda:

"Shemeji, wewe ndiye unayezijua hizi silaha. Wanasema gobore halitoi moshi ukishindilia baruti kidogo. Ni kweli?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Nani kasema? Mtu asiyejua kitu!" Sauti yake ya zamani ilirudi, ile ya ufagio. "Gobore, shemeji, hata uweke baruti ya kujaza kijiko, ni moshi mtupu. Baruti nyeusi ile. Ukifyatua, umepofuka. Kama hakuna upepo moshi unakaa hapo hapo kama wa jikoni, mtu aliye mbele yako humwoni, na yeye hakuoni. Harufu inakaa kwenye majani mpaka jua lipande. Sasa bunduki kama yangu, risasi ya kisasa, unafyatua na hakuna anayejua ume—"

Nikageuka. Alikuwa amefungua mdomo bado, na mkono wake mmoja uko hewani ukionyesha jinsi moshi unavyotanda.

"Mume wangu anasema kulikuwa kweupe," nikamwambia.

Lori lilipita, likatupuliza vumbi, sote tukangoja lipite. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana.

"Niliona kitu cheusi kimeinama. Nikajua nguruwe."

"Ukavuta pumzi nusu?"

"Shemeji, mie nafumba macho. Nikivuta tu, nafumba. Siku zote. Siwezi kuyazuia."

Akanieleza kwamba huko Burma hakufyatua risasi hata moja kwa mtu. Alikuwa mbeba machela. Kazi yake ilikuwa kufunga majeraha na kubeba watu kutoka mstari wa mbele. Aliporudi, watu walimwuliza ameua wangapi, na yeye akaona aibu kusema. Baada ya kumpiga mume wangu alitupa bunduki kichakani, akaja kumfunga, na jioni akarudi akaisafisha.

Nilikumbuka mikono yake isiyotetemeka na namna alivyopanda kilima. Nilitaka kumhurumia. Lakini nilimkumbuka pia yule mama mnene akikaa kwenye benchi lile lile.

"Kuna mtu yuko mahabusu," nikamwambia.

"Nitakwenda kwa jumbe kesho."

"Leo. Tutakwenda wote."

Nilifunika moto, nikafunga kibanda. Nilimwacha atangulie, sikutaka awe nyuma yangu. Tulipofika karibu na nyumba yake akasema aingie achukue bunduki, aikabidhi kwa mkono wake. Ningemwambia nini? Akaingia. Mie nikasimama pembeni ya ukuta, si mbele ya mlango, na jinsi alivyokawia ndivyo mawazo yalivyonijia. Ndani kuna mtu aliyekwishadanganya polisi, ana bunduki mkononi, na anayejua siri yake ni mie peke yangu. Nilitazama kama kuna jirani. Hakukuwa na mtu, kuku tu. Halafu nikafikiri jambo jingine baya zaidi, kwamba huenda hatatoka kabisa, na nitasikia mlio kutoka ndani. Nikaita, "Shemeji!" Nikaita tena kwa nguvu.

Alitoka. Alikuwa amevaa nguo zake za jeshi zilizofifia na nishani kifuani. Hicho ndicho kilichomkawiza. Bunduki ameiviringisha kwenye mkeka.

"Iweke chini," nikamwambia.

Akaiweka. Nikaiokota mie. Sikuwahi kushika bunduki kabla ya siku ile, na sikushika tena. Nilishangaa uzito wake, na jinsi ilivyokuwa baridi hata ndani ya mkeka. Niliibeba mpaka kwa jumbe, yeye mbele, mie nyuma, na watu tuliokutana nao njiani walituamkia bila kuuliza.

Fundi baiskeli aliachiwa. Askari alifungwa, si kwa muda mrefu, kwa sababu alijisalimisha na kwa sababu mume wangu alikwenda mahakamani na mkongojo wake kusema ni ajali. Bunduki na kibali alinyang'anywa. Nilipomwuliza mume wangu kwa nini alimtetea, alinijibu, "Amenipiga, amenibeba. Nishike lipi niache lipi?" Mie nilijua ningeshika lipi, lakini paja halikuwa langu.

Gobore lilirudishwa kwa mwenyewe. Kwa wiki nzima benchi langu lilisikiliza jinsi lilivyowashinda polisi kulifungua, na jinsi mzungu mmoja alivyotaka kulinunua akawaonyeshe babu zake huko kwao.

Askari alipotoka kifungoni, mume wangu alimleta mwenyewe kibandani, akamkalisha. Nilimpa chai. Watu walikuwa wanamwonea haya. Ndipo mmoja akamwuliza kwa upole kama ni kweli alibeba machela, naye akaanza kusimulia taratibu: mto uliofurika, mvua, majeruhi wawili aliowavusha mgongoni mmoja baada ya mwingine. Alisimulia vizuri. Watu walisogea. Hata mie niliacha birika.

Nilimwamini siku ile. Kabla masika hayajaisha majeruhi walikuwa wamefika saba, na mto ulikuwa na mamba.