Gia ya Siku Mbaya

Siku ya msiba wa mama yake, yeye ndiye aliyegawa vikombe. Watu walijaa kuanzia sebuleni hadi uani, naye akapita katikati yao na sinia, akarudi jikoni, akapita tena. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hana mume wala mtoto. Kwa miaka tisa alikuwa amemuuguza mama huyo katika nyumba ya vyumba viwili: kumlisha, kumgeuza, kumwosha, kisha mbio kazini. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na mtaa mzima ulimwita Dada Mita, hata wale waliolijua jina lake.

Siku ya tatu dada yake mkubwa alimfuata jikoni akarudisha mlango.

"Mdogo wangu, hata chozi moja?"

"Halijaja."

"Watu wanasema."

"Waache waseme. Sukari imekwisha, tumtume nani?"

Dada alimkazia macho kwa muda. "Labda ulishamchoka. Labda umeshukuru kwamba amekwenda." Akafungua mlango akatoka.

Dada Mita akaendelea kusuuza vikombe. Maneno aliyasikia yote na kuyaelewa, lakini yalikuwa kama yamesemwa kwa jirani, upande wa pili wa ukuta. Alijitafuta mahali pa kuuma, hakupapata. Mwili wote ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, ila huu haukuanza kuwasha.

Baada ya wiki moja alirudi kazini. Ofisi yao ilikuwa chumba cha meza nne, ramani ya mitaa ukutani, na feni iliyokwisha sahau kuzunguka. Kila aliyeingia alimshika mkono. Pole sana, Dada Mita. Unajisikiaje? Akajibu salama, akajibu nashukuru, na kabla ya saa nne asubuhi akawa amechoka kuliko siku za kumgeuza mama. Swali lilikuwa zuri. Jibu ndilo alilokuwa hana.

Bosi wao, mtu mpole wa sauti ya chini, alimwita pembeni. "Nitakuweka mezani kwanza. Ukae kae, upumzike."

"Nipe mtaa wa mlimani, bosi."

"Mlimani? Wewe?"

Msomaji wa mlimani alikuwa amestaafu miezi miwili nyuma na wenzake wote walikuwa wakiukwepa mtaa ule. Gari la ofisi halikuingia kwenye njia zake, nyumba zilipandana moja juu ya nyingine, na kwenda kwa miguu na mkoba wa vifaa kulimaliza mtu. Lakini kule hakuna aliyemjua mama yake. Hilo Dada Mita hakulisema. Alisema tu, "Si kuna baiskeli stoo?"

Ilikuwepo. Ilikuwa baiskeli ya milimani kwa sura: matairi manene, uma wa mbele wenye springi, rangi nyekundu. Bosi alikubali kwa shingo upande, na asubuhi iliyofuata Dada Mita akaelekea mlimani, mkoba mgongoni.

Kwenye barabara ya bapa iliteleza kama sabuni. Mlima ulipoanza, ikagoma. Alihamisha gia hadi ile nyepesi kuliko zote, na bado kila pedali ilikuwa kama kusukuma kabati lililojaa nguo. Akasimama juu ya pedali, akakanyaga mara tano, sita, baiskeli ikayumba, akashuka kabla ya kona ya kwanza. Akaisukuma. Watoto wa shule walimpita, mama mwenye ndoo akampita. Hakuona aibu. Aliandika tu kichwani kwamba hakuona aibu. Hadi alasiri alikuwa amesoma mita thelathini na moja, nusu ya zile za siku, na nyumba za juu kabisa hakuzifikia. Siku ya pili ikawa vilevile, na siku ya tatu. Siku ya nne bosi akamkumbusha kwamba meza bado ipo.

Jioni hiyo alikwenda kwa Fundi Meno.

Fundi Meno alitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabati chini ya mlima, na jina alilipata kwa tabia yake ya kuhesabu meno ya gia kabla hata hajajibu salamu. Zaidi ya mara moja mtu alikuwa amefika pale ameshika shavu, ameelekezwa na wapita njia wenye utani. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa waya wa breki, kucha nyeusi kwa grisi. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akapitisha kidole mbele, akapitisha nyuma.

"Mbele thelathini na manne. Nyuma, kubwa kabisa, ishirini na manane," alisema. "Nani kakudanganya hii ni ya mlima?"

"Ni ya ofisi."

"Una kilo ngapi?"

 Tangu msibani watu walikuwa wamemuuliza mengi, na hili lilikuwa la kwanza lenye jibu. "Sitini na sita."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

Fundi alikuwa na mizani ya kupimia magunia, ya jirani yake muuza mkaa. Akampandisha. Hamsini na nane. Dada Mita akautazama mshale na kuhesabu: kilo nane zilikuwa zimeondoka mwilini mwake na hakuziona zikitoka. Alingojea Fundi aseme pole. Fundi akasema, "Na mkoba?"

"Saba."

"Njia ni lami au vumbi?"

"Lami hadi kona ya pili. Halafu changarawe. Juu kabisa ni udongo na mawe."

"Unapanda mfululizo, au unasimama nyumba hadi nyumba?"

"Nasimama. Kila nyumba."

"Kwa hiyo unaanza upya katikati ya mlima kila mara. Hilo ndilo baya." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamwonyesha kwa mkono wake mweusi. "Sikiliza, dada yangu. Hapa ulipo, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara moja na zaidi. Kwenye bapa ni raha. Kwenye mlima unajibebesha mzigo wa bure. Tunataka mbele padogo na nyuma pakubwa. Tukiweka mbele ishirini na manane, nyuma arobaini na mawili, ukizungusha pedali mara tatu, gurudumu linazunguka mara mbili. Utakwenda polepole, lakini utakwenda umekaa."

"Kwa nini tusipunguze zaidi? Mbele ishirini?"

"Utakanyaga kama cherehani na hutofika popote. Tena ukienda polepole mno baiskeli inakosa mwendo wa kusimama wima. Unaanguka kama gunia."

"Na zile zenye gia tatu mbele? Nimeziona."

"Nzuri. Zina gia ya kila kitu. Lakini ni mambo mawili ya kuhamisha badala ya moja, na kule juu pana tope, cheni itakuwa inaruka. Wewe kichwa chako sasa hivi kinataka mambo mawili?"

Alifikiri. "Hapana."

"Basi moja mbele."

Alimwazima magurudumu mawili ya nyuma yenye meno tofauti, akayafunga kwa zamu kwenye baiskeli yake mwenyewe, akamtuma kwenye kichochoro nyuma ya kibanda, ambacho kilipanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. La kwanza, lenye thelathini na sita, lilimfikisha juu akihema. La pili, lenye arobaini na mawili, lilimfikisha juu akiwa bado anaweza kusema.

"Hili la thelathini na sita linatosha," alisema aliporudi. "Nimefika."

"Umefika leo. Leo hujachoka, umepanda mara mbili tu. Usichague gia ya siku unayojisikia vizuri. Chagua ya siku mbaya."

"Siku zangu zote ziko sawa, fundi."

Fundi Meno alimtazama juu ya miwani.  "Basi tuweke ya siku mbaya," alisema, akachukua spana.

Kazi ilichukua jioni mbili. Kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kilikuwa kifupi, hakikuyafikia meno arobaini na mawili, ikabidi kitafutwe kirefu kutoka kwenye baiskeli iliyogongwa. Cheni nayo ikaongezwa pingili. Dada Mita aliketi kwenye benchi akitazama. Hakuna aliyemwambia ajikaze, wala kwamba Mungu ndiye anayejua. Fundi alimpa kitambaa afute gurudumu, akalifuta, jino baada ya jino, hadi chuma kikang'aa.

Asubuhi ya kwanza na gia mpya, cheni ilianguka kabla ya kona ya pili. Alikuwa amesubiri hadi miguu ishindwe ndipo akahamisha, kwa nguvu zake zote, na cheni ikalia krak ikaning'inia. Akairudisha kwa mikono, akarudi chini kwa Fundi.

"Unahamisha ukiwa tayari umezama," Fundi alisema. "Hamisha mlima ukiwa bado mbele yako. Na juu kule, gurudumu la mbele likitaka kunyanyuka, inama, sogea mbele ya kiti."

Akarudi. Akahamisha mapema, akakaa, akainama. Miguu ilizunguka haraka kuliko baiskeli ilivyokwenda, na fundi bomba mmoja wa ofisini kwao, aliyekuwa akichimba mtaro kando ya njia, akamwuliza kama anashona au anasafiri. Dada Mita aliendelea kukanyaga, pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Kona ya kwanza, ya pili, changarawe, udongo. Alishuka kwenye kila lango, akafunua kifuniko cha zege, akasoma, akaandika, akapanda tena. Saa saba mchana alikuwa kwenye nyumba ya mwisho kabisa, mita ambayo haikuwa imesomwa kwa miezi miwili. Kioo chake kilikuwa na ukungu. Alikifuta kwa kidole gumba na namba zikaonekana.

Alisimama pale juu. Mji ulikuwa chini, mabati na mabati. Alisubiri kitu kije, furaha au huzuni, chochote kile. Kilichokuja ni njaa. Ilikuja ghafla na kwa hasira. Kwenye duka la kwanza wakati wa kushuka alinunua mkate mzima, akaula amesimama, hadi ganda la mwisho, huku muuza duka akijifanya anapanga viberiti.

Jumapili iliyofuata dada yake alikuja kugawa nguo za mama. Walitandika shuka sakafuni, wakakunja: za kutoa, za kubaki. Katikati ya kazi dada akasimama, khanga mkononi.

"Siku ile jikoni nilisema vibaya."

"Nilisikia."

"Nisamehe, mdogo wangu. Uchungu ulinizidi."

"Hayakuniuma, dada. Ndiyo shida yenyewe. Nilitaka yaniume."

Dada alikaa chini taratibu, kwani magoti yake hayakuwa mazuri. Baadaye akauliza, "Sasa unakula?"

"Nakula. Nimeanza."

"Na kazi?"

Dada Mita akamweleza. Alijikuta akieleza kwa kirefu, meno ya mbele na meno ya nyuma, na dada, ambaye hakuelewa hata nusu, alisikiliza kama anayesikiliza habari za mgonjwa. Kisha akasema anataka kuijaribu. Alikuwa mwanamke wa mwili, na uani kwao palikuwa bapa. Alikanyaga mara kumi akasogea hatua chache.

"Mbona nakanyaga hewa?"

"Ni gia ya mlima, dada. Hapa haina kazi."

Dada akacheka hadi akalazimika kushikwa asianguke. Dada Mita alimshika. Yeye hakucheka, lakini alitambua kwamba jambo lile lilikuwa la kuchekesha, na huko nyuma hata hilo lisingemfikia.

Ganzi haikutoka siku moja. Ilitoka vipande vipande, bila mpangilio. Kwanza chai ikarudi na ladha. Halafu akamkasirikia mbwa wa nyumba fulani, hasira ya kweli, akamtupia kofia. Bosi alipomwambia kuna nafasi kwenye mitaa ya bapa, alikataa kabla hajamaliza sentensi, na wote wawili wakashangaa.

Mwezi wa tano baada ya msiba, asubuhi ya kawaida, alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa nyumba moja ya njia ya changarawe. Ndani, mtu alikuwa akimwambia mgonjwa ageukie upande mwingine. Taratibu, sauti ilisema, nipe mkono, hivyo hivyo. Dada Mita alibaki pale kifuniko kikiwa mkononi, na machozi yakamtoka, mengi, bila sauti, yakidondoka juu ya kioo cha mita. Hayakudumu sana. Alijifuta kwa mkono wa shati, akaandika namba, akafunika, akaendelea na nyumba inayofuata.

Ofisini ikaonekana namba ile aliikosea. Kesho yake akapanda tena kuisahihisha.